Magofu ya Kunduchi: Mali Bila Daftari

Wapo wananchi wengi, hata miongoni mwa viongozi, wanaoamini kwamba Dar es Salaam ni mji usio na ukale. Ukiwauliza habari za majengo ya zamani watakutajia Kilwa Kisiwani, watakutajia Bagamoyo na Kaole, na bila shaka watakutajia Mji Mkongwe wa Unguja. Dar es Salaam kwao ni mji wa bandari, wa maofisi na wa foleni za magari. Imani hiyo ina sababu zake. Mji huu kwa jina lake la leo ulianza kujengwa katika miaka ya 1860, pale Sayyid Majid bin Said, mtawala wa Zanzibar, alipopendezwa na bandari tulivu iliyokuwa karibu na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 kazi ilikuwa haijakamilika, na nduguye, Sayyid Barghash, hakuiendeleza. Kwa hesabu hiyo mji una umri wa miaka mia moja na sitini hivi, ambao kwa miji ya pwani yetu ni umri wa ujana.

Lakini ujana huo ni wa mji, si wa ardhi uliojengwa juu yake. Kabla Sayyid Majid hajaweka jiwe lake la kwanza, wakazi wa pwani hii walikuwa wamekwisha kujenga misikiti ya mawe, wamekwisha kuwazika wakubwa wao katika makaburi yenye nguzo, na wamekwisha kuvijua vyombo vya kaure vilivyotengenezwa Uchina. Ushahidi wa jambo hili uko Kunduchi, katika Wilaya ya Kinondoni, kiasi cha kilomita ishirini na ushei kaskazini ya bandari. Upande wa kusini, ushahidi mwingine uko Mbuamaji, mahali palipokuwa chini ya Temeke kwa miaka mingi na ambapo sasa pamo katika Wilaya ya Kigamboni.

Makala haya yanakusudia kuwazindua watu wa namna mbili. Kwanza ni ndugu zetu wa visiwani, ambao huvuka bahari kila siku kuja Dar es Salaam kwa biashara, matibabu na masomo, na kurudi kwao bila ya kujua kwamba wameyapita kwa karibu makaburi yanayofanana na ya kwao. Pili ni wakuu wa Serikali, wa wilaya hadi wa mtaa, ambao dhamana ya mahali hapo imo mikononi mwao.

KATIKA KIVULI CHA MIBUYU

Mtu anayeshuka kwenye boti ya Unguja akiwa na nafasi ya nusu siku hana haja ya kusafiri mbali. Atapanda gari linalokwenda Tegeta au Bunju kwa barabara ya Bagamoyo, atashuka Mtongani, kisha ataelekea upande wa pwani. Njiani atapita katikati ya nyumba, maduka, gereji na mafundi wa kuchomelea vyuma, wala hataona dalili yoyote ya ukale. Ni pale atakapoiona mibuyu mikubwa iliyosimama pamoja ndipo atakapojua kwamba amekaribia. Mbuyu ni alama ya mahame mengi ya pwani yetu. Watu huhama, nyumba za udongo huanguka na kurudi kuwa udongo, lakini mibuyu hubaki.

Nilipofika huko hivi karibuni nilikuta mahali pamenyamaza. Vichaka vilikuwa vimeota baina ya makaburi, na ilinibidi niyapinde matawi kwa mkono ili nipate kuona mawe. Ngurumo za magari ya barabarani zilisikika kwa mbali sana, kama habari za mji mwingine.

Msikiti ndio jengo la kale kuliko yote yaliyopo hapo. Wataalamu wameukadiria kuwa ni wa mwishoni mwa karne ya 15. Maana yake ni kwamba ulijengwa katika zama zile zile ambazo merikebu za Vasco da Gama zilipita katika bahari hii, mwaka 1498. Paa halipo tena, na kuta zimebaki vipande vipande. Hata hivyo mtu aliyesoma chuoni hahitaji kuelekezwa. Atasimama, ataangalia upande wa kaskazini ilikoelekea kibla, na atajua mahali alipokuwa akisimama imamu na mahali zilipokuwa zikipangwa safu za waumini nyuma yake.

Makaburi mengi ni ya baadaye, ya karne ya 18 na ya 19. Kila kaburi la mtu mkubwa limezungushiwa ukuta mfupi wa mawe, na upande wa kichwani imesimamishwa nguzo. Nguzo hizo zimepakwa chokaa na kutiwa mapambo. Fundi alipokuwa akipaka, kabla chokaa haijakauka, alikuwa akipachika ndani yake sahani na bakuli za kaure ili zing'ae juani. Vyombo hivyo vingi havipo leo. Kilichobaki ni vishimo vya mviringo katika chokaa, safi kama vilivyotoka mkononi mwa fundi, vikionyesha ukubwa wa kila sahani iliyokuwamo. Baadhi ya vitu vya Kunduchi vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini. Vingine vilibanduliwa kwa ncha ya kisu na watu ambao hawakuacha majina yao.

Yafaa tuseme neno juu ya mafundi hao. Jiwe walilolitumia ni la matumbawe. La kuta lilichimbwa nchi kavu. Lile laini la kuchongea mapambo lilitolewa baharini likiwa bichi, nalo likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo, kuyalundika matumbawe juu yake, na kuyachoma hadi yawe unga mweupe. Kisha chokaa hiyo iliachwa muda mrefu ipate kuiva ndipo ikatumika. Usione vyaelea, vimeundwa. Na ajabu ni kwamba mwendo mfupi kutoka magofuni kipo kilima cha Wazo, ambako jiwe la jamii hiyo hiyo linachimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Jiwe lililousimamisha msikiti wa karne ya 15 ndilo linalosimamisha maghorofa ya Dar es Salaam ya leo.

NI NANI ALIYEJENGA?

Katika zama za ukoloni swali hili lilijibiwa kwa haraka. Kila jengo la mawe lililoonekana pwani liliandikwa kuwa ni la Waajemi au la Waarabu, na mwenyeji akaachiwa kibanda cha makuti. Jibu hilo lilikuwa na faida kwa mkoloni, kwa sababu lilimwonyesha Mwafrika kuwa ni mtazamaji tu katika nchi yake mwenyewe.

Utafiti wa miaka mingi umelirekebisha jibu hilo. Neville Chittick, aliyekuwa mkuu wa mambo ya kale nchini tangu mwaka 1957, alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974. Kunduchi nayo haikusahauliwa kabisa katika miaka hiyo, kwani Hamo Sassoon, mtaalamu wa mambo ya kale, aliiandikia kijitabu cha kuwaongoza wageni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha elimukale mwaka 1985, na tangu hapo wataalamu wetu wenyewe, kama Profesa Felix Chami, wameonyesha kwamba pwani hii ilikuwa na vijiji vya wakulima, wavuvi na wafua chuma karne nyingi kabla ya misikiti ya mawe kujengwa. Miji ya mawe ilikua kutokana na vijiji hivyo.

Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu themanini waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, ikiwamo Kilwa na Songo Mnara. Matokeo yalionyesha kwamba kwa upande wa mama asili ya watu hao ilikuwa ni ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na kwamba kwa upande wa baba wengi walikuwa na damu iliyotoka ng'ambo, hasa Uajemi, tangu yapata mwaka 1000. Basi wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa waongo, na wale waliosema kwamba huu ni ustaarabu wa wenyeji hawakuwa waongo pia. Wageni walifika, wakaoa, wakakaa. Lugha iliyosemwa nyumbani ikabaki ni ya mama.

Nguzo za makaburi zinatoa ushahidi wa namna hiyo. Makaburi ya nguzo ni sifa ya pwani ya Afrika Mashariki, tangu Somalia hadi kwetu. Huko Gedi, Kenya, liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Tongoni, karibu na Tanga, kuna nguzo nyingi zilizokusanyika mahali pamoja kuliko pengine popote. Ndugu zetu wa Pemba wanazo za Ras Mkumbuu. Kwa hiyo Mpemba anayesimama Kunduchi hasimami ugenini. Ataitambua kazi ya mikono ile ile, kama ambavyo mtu wa Kunduchi akifika Kizimkazi, penye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, ataona kwamba kibla na jiwe ni vya jamii moja na vya kwao.

Ama kaure za Uchina, hatuna haja ya kudai kwamba jahazi la Kichina lilitia nanga Kunduchi. Ni kweli kwamba misafara ya amiri Zheng He ilifika pwani ya Afrika mwanzoni mwa karne ya 15. Lakini vyombo vya kaure vilikuja kabla yake na viliendelea kuja baada yake, vikipitishwa kutoka mkono hadi mkono katika bandari za Bahari ya Hindi, na kuletwa kwetu na majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Pwani ya Mrima ililipa kwa vitu vyake: pembe, boriti za mikoko, sandarusi. Sahani iliyopachikwa kaburini ilikuwa hati ya jambo hilo. Ilimwambia mpita njia kwamba aliyelala hapa alikuwa na jina, na jina lake lilifika mbali.

GOFU AU KABURI?

Tumezoea kusema "Magofu ya Kunduchi", na hilo ndilo jina linaloandikwa katika vitabu vya Serikali. Gofu ni nyumba isiyo na mwenyewe. Lakini miongoni mwa makaburi ya kale mna makaburi mapya, na wapo wenyeji ambao huwazuru jamaa zao mahali hapo. Mzee mmoja niliyemkuta karibu na hapo, baada ya kumwamkia na kumweleza nilikotoka, alinitazama kwa muda, kisha akaniambia: "Mwanangu, ninyi huja kutazama magofu. Sisi hapa tuna wazee wetu."

Maneno hayo machache yana uzito kuliko ripoti nyingi. Ofisa anayekuja na ramani huona eneo la hifadhi, na angependa mazishi yasimame na ua uzungushwe. Mwenyeji huona kiunga cha wazee wake, na ua huo kwake ni mlango uliofungwa mbele ya haki yake. Wote wawili wanataka mahali paheshimiwe. Wasipokaa mkeka mmoja, kila mmoja atamshuku mwenzake, na katikati yao atapita mwizi wa sahani na dalali wa viwanja.

Iko pia hoja ya dini, ambayo haifai kufichwa kwa sababu inasemwa waziwazi. Wapo Waislamu wanaosema kwamba makaburi yaliyojengewa na kupambwa hayakubaliki, na kwa hiyo hakuna sababu ya kuyatunza. Yakianguka, na yaanguke. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya walimu tunajua kwamba suala la kujengea makaburi limejadiliwa na wanazuoni tangu zamani, nalo tuwaachie wao. Lakini kutunza kazi ya wazee iliyokwisha kujengwa ni jambo mbali na kuabudu. Anayeitunza nguzo ya Kunduchi haombi kitu kwa nguzo. Anatunza ushahidi kwamba babu zake walikuwa Waislamu, walijua kuandika, na walijua kujenga, miaka mia nne kabla ya bendera ya Mjerumani kupandishwa Dar es Salaam. Tena kuzuru makaburi, kwa mafundisho tuliyoyapokea, humkumbusha mtu akhera yake. Atazuru nini ikiwa yote yamesawazishwa?

Na tutazame mfano wa mbali. Katikati ya kisiwa cha Java, Indonesia, liko hekalu la Kibudha linaloitwa Borobudur, lililojengwa karne ya 8 na ya 9. Waumini wake walitoweka, wenyeji wakaingia katika Uislamu, na hekalu likafunikwa na majivu ya volkano na msitu. Mwaka 1814 watu wapatao mia mbili walitumwa kukata miti na kuondoa udongo ili lionekane tena. Hatimaye Serikali ya Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko takriban nchi nyingine yoyote duniani, iliomba msaada wa UNESCO kulikarabati. Mawe zaidi ya milioni moja yalishushwa, yakasafishwa na kurudishwa mahali pake, na kazi ikakamilika mwaka 1983. Waislamu wa Java hawakugeuka kuwa Mabudha kwa kufanya hivyo. Walisema kwamba hii ni kazi ya wazee wa nchi yetu, na sisi ndio warithi. Ikiwa wao wamelitunza hekalu la dini isiyo yao, sisi tuna udhuru gani wa kuuacha msikiti wetu wenyewe ukaliwa na mizizi?

MALI BILA DAFTARI

Jambo la kuzingatia katika mfano wa Borobudur ni kwamba mawe hayo milioni moja yasingaliweza kurudi mahali pake kama hayangaliandikwa kwanza. Waswahili walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo ndipo udhaifu wetu ulipo.

Sheria tunayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakilinda kila kilichojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Msomaji aone mwaka huo vizuri. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa ndio kwanza unawazwa. Kwa hiyo katika jiji zima ni mahali pachache sana panapoingia katika ulinzi huo kwa umri wao tu, na Kunduchi ni mahali pa mbele miongoni mwa hapo. Nia nayo tulikuwa nayo tangu mwanzo. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, nchi ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu na shida zisizo na idadi, lakini aliona kwamba utamaduni si jambo la kungojea utajiri.

Kilichobadilika ni kasi ya jiji. Katika sensa ya mwaka 1967 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu kama laki tatu na nusu. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 5,383,728. Kunduchi iliyokuwa kijiji cha wavuvi nje ya mji sasa imo ndani ya jiji, na kipande cha ardhi kilichokuwa hakina mnunuzi sasa kinagombewa. Ardhi yenye vichaka na mawe ya kale, isiyolimwa na isiyokaliwa, humdanganya mtu kuwa haina mwenyewe. Uvamizi hauanzi kwa tingatinga. Huanza kwa kibanda kimoja, kwa lori moja la mawe, kwa jalala dogo la taka, na kwa kiongozi mmoja aliyeona akanyamaza.

Wala tusidhani kwamba umaarufu pekee ni kinga. Ndugu zetu wa Unguja wanaikumbuka tarehe 25 Desemba, 2020, ilipoporomoka sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lililomo ndani ya Mji Mkongwe unaotambuliwa na dunia nzima tangu mwaka 2000. Roho za watu zilipotea siku hiyo. Ikiwa jumba linalopigwa picha na kila mgeni linaweza kuanguka mchana kweupe, nguzo iliyomo kichakani itaanguka bila hata ya mtu kusikia kishindo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji mabilioni.

La kwanza ni daftari. Kila kaburi lipewe namba, lipimwe, lipigwe picha pande zote, na kila maandishi na kila kishimo cha sahani kiandikwe. Nakala moja ikae katika Wizara ya Maliasili na Utalii, ya pili katika ofisi ya wilaya, na ya tatu katika ofisi ya mtaa. Kila mwaka, siku iliyowekwa, daftari lifunguliwe mbele ya wananchi na mahali pakaguliwe. Kilichopungua kitaonekana, na atakayeulizwa atajulikana.

La pili ni mipaka. Mawe ya mipaka yasimamishwe na kuonekana, na wapimaji wa viwanja wawe na ramani hiyo mezani. Mwananchi asiuziwe kiwanja leo na kubomolewa nyumba kesho kwa kosa la mtu aliyekaa ofisini.

La tatu ni ufundi. Jiwe la matumbawe na chokaa hupumua. Hunyonya maji ya mvua na kuyatoa tena. Ukilipiga plasta ya saruji unyevu hunaswa ndani, na ukuta huoza kwa siri hadi uanguke. Vivyo hivyo mti uliopenyeza mizizi ukutani haukatwi kwa shoka la haraka, kwa sababu mzizi ukioza huacha pengo na ukuta huja chini. Kazi hii iachiwe mafundi wa chokaa, ambao bado wapo Unguja, Pemba na Kilwa. Mambo ya kale hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano, na kila upande una mamlaka yake. Lakini hakuna sheria inayomzuia fundi wa Mji Mkongwe kuja kumfundisha kijana wa Kunduchi kuchanganya chokaa.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni wenyeji. Tunao mfano wa nyumbani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi ya miaka kadhaa ambamo wanakijiji wenyewe walishiriki. Majirani zetu wa Kenya nao wameupeleka mji wa Gedi, uliokuwa umezama msituni hadi James Kirkman alipoanza kuuchimba mwaka 1948, hadi ukaingia katika urithi wa dunia mwaka 2024. Kunduchi haina ukubwa wa Kilwa wala wa Gedi, na hatuombi ipewe cheo hicho. Tunaomba njia ile ile: iundwe kamati ya mtaa yenye wazee wenye makaburi yao pale, imamu, mwalimu wa shule na ofisa wa mambo ya kale. Kamati hiyo ndiyo ikubaliane ni wapi mazishi yataendelea na ni wapi yatasimama, na makubaliano hayo yaandikwe katika daftari lile lile.

La tano ni vijana. Shule za Kinondoni zimezungukwa na maelfu ya watoto wanaosoma habari za Kilwa kitabuni na ambao hawajapata kuona hata jiwe moja la kale. Gharama ya kuwafikisha Kunduchi ni nauli ya daladala. Mtoto aliyekwisha kuonyeshwa kishimo cha sahani na kuelezwa ilikotoka na kilichoiondoa, huyo akikua hatakuwa mteja wa mwizi.

Kwa wakuu wa Serikali tunasema kwa heshima kwamba kazi hii ni ndogo mno kuachwa kwa kukosa fedha. Daftari, kamera, mawe ya mipaka, posho ya mlinzi, na kikao kimoja cha mtaa: hayo yote yamo ndani ya uwezo wa wilaya. Yanayosemwa hapa juu ya Kunduchi yanaihusu Mbuamaji vile vile, ambako bahari iko karibu zaidi na jiji linasogea kwa kasi tangu daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016.

Na kwa ndugu zetu wa visiwani tunasema: mkivuka, tengeni nusu siku. Nendeni Kunduchi kwa adabu ya mtu anayeingia makaburini, msibandue kitu, msikanyage kuta, watolee salamu wenyeji kabla ya kupiga picha. Mkirudi mkawaeleza watu wa Ras Mkumbuu na Kizimkazi kwamba ng'ambo ya pili ya maji nako kuna jamaa zao wanaohitaji kuangaliwa, mtakuwa mmeifanya sehemu yenu. Nguzo zilizosimama leo Kunduchi zinahesabika. Zihesabiwe sasa, na ziandikwe, ili mwaka ujao tujue kama zimebaki idadi ile ile.